Beringi Sita

Maswali tisa niliyajibu bila kumeza mate. La kumi ndilo lililonivua nguo mbele za watu.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, katika chumba cha mikutano cha juu, kile chenye dirisha la kioo linalotazama chini kiwandani. Mbele yangu alikaa Mkurugenzi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Pembeni yake alikuwepo afisa utumishi, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuandika na kuangalia viatu vyangu. Nafasi iliyokuwa ikigombewa ni ya mkuu wa uzalishaji wa kiwanda kizima cha sabuni. Tulikuwa tumebaki wawili: mimi, msimamizi wa Laini ya Kwanza, na mwenzangu wa Laini ya Pili, tunayemwita Tai kwa sababu ndiye binadamu pekee ninayemjua anayevaa tai kwenye mvuke wa sabuni.

Niliingia kiwanda hiki nina miaka kumi na tisa, nikasimamishwa kwenye meza ya kufungashia. Miaka kumi na mmoja sasa nimenuka sabuni mpaka kwenye ndoto. Nimesoma masomo ya jioni kope zikinishuka, nimekuwa kiongozi wa meza, kisha wa kikundi, kisha msimamizi wa laini. Watu wananiita Sajenti. Sijawahi kulikataa jina hilo, maana sajenti akisema jambo, linafanyika.

"Miezi mitatu laini yako haijasimama hata mara moja," alisema Mkurugenzi. "Kitabu chekundu hakina hata mstari wako mmoja. Laini ya Pili ina kumi na nne. Na mashine ni pacha, zilinunuliwa siku moja. Unafanya nini ambacho mwenzako hafanyi?"

Moyo ulinichezea ngoma ya furaha. Hicho kitabu chekundu ni wazo langu mimi. Miaka miwili iliyopita niliomba kila hitilafu ya mashine iandikwe sehemu moja: siku, kilichoharibika, chanzo chake na aliyetengeneza. Walinicheka. Leo hakuna anayepanda cheo bila kitabu kile kufunguliwa kwanza.

"Usafi, mama, ule niliokueleza miezi mitatu iliyopita," nilijibu. "Kila Jumatatu jioni, kabla ya kutoka, tunaiosha mashine nzima kwa mpira wa maji ya moto mpaka inang'aa. Ni amri yangu. Laini ya Pili wanapangusa kwa tambara."

"Beringi ya mkanda wa kukatia ilibadilishwa lini mara ya mwisho?"

"Haijabadilishwa mwaka huu."

"Una uhakika?"

"Ile mashine naijua nje ndani, mama."

Alivaa miwani, akanisogezea karatasi. Ilikuwa orodha ya stoo. Beringi sita za mkanda wa kukatia, Laini ya Kwanza, zimetoka ndani ya miezi mitatu. Kila moja ilikuwa na sahihi ya fundi wangu, ile sahihi yenye mkia mrefu ninayoijua kuliko yangu, kwa sababu imo chini ya kila barua aliyowahi kuniandikia.

"Ama fundi wako anaiba," alisema taratibu, "ama wewe huijui mashine yako. Sijui lipi ni baya zaidi. Kesho saa sita mchana uniletee jibu, ndipo nitakapoamua."

Nilisema asante. Sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Kwenye ngazi nikakutana na Tai anapanda na kikombe chake cha chai, zamu yake ya kuulizwa imefika.

"Vipi dada, tuanze kukupongeza?"

"Anza na tai yako, kaka. Imeingia kwenye chai."

Nilimwacha anaikamua, nikaenda moja kwa moja karakana.

Fundi wangu tunamwita Spana. Ni mrefu, mpole, na ana tabia ya kuifuta mikono yake kidole kimoja kimoja kabla hajanigusa hata bega. Miaka miwili tumependana, mwanzoni kwa siri, baadaye kwa siri ambayo kiwanda kizima kiliijua. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo wazazi wetu walikuwa wakutane kwetu kuzungumza habari za ndoa. Aliponiona mlangoni uso ulimchanua, akachukua tambara, akaanza kidole cha kwanza.

"Mkuu wa uzalishaji!" alisema. "Nikupigie saluti au nikupigie magoti?"

"Beringi sita," nilisema.

Tambara likasimama kidole cha tatu.

"Spana, beringi sita zimekwenda wapi?"

"Zipo kwenye mashine," alisema. "Yaani, moja ndiyo ipo. Tano zilikufa."

"Zimekufa lini? Laini yangu haijasimama!"

"Haikusimama kwa sababu nilikuwa nawahi." Alitazama chini. "Nilikuwa nafika saa kumi na moja alfajiri. Mlinzi ananifungulia. Naikagua yote, kilicholegea nakikaza, kilichochoka nakibadilisha. Ninyi mkiingia saa moja, inazunguka kama mpya."

"Kwa miezi mitatu?"

"Tangu walipotangaza kwamba mkuu anastaafu."

Nilivuta kigoda nikakaa.

"Na kitabu chekundu?"

"Ningeandikaje?" Sauti yake ilipanda kidogo. "Kila mstari ungehesabiwa juu yako. Unawajua hawa. Wanahesabu mistari, hawasomi. Nilitaka wakifungua wakute ukurasa mweupe. Nilitaka uipate ile nafasi, Sajenti. Nilitaka hicho tu."

Wapo wanawake ambao wangelia kwa furaha hapo. Mwanaume ameacha kitanda chake alfajiri, siku baada ya siku, kwa ajili yako, wala hakutaka hata ujue. Mimi nilisikia hasira inanipanda kutoka unyayoni. Miezi mitatu nimetembea kati ya wafanyakazi wangu kifua mbele, nikidhani ni mimi. Kumbe nilikuwa nashangiliwa kwa mbio alizokimbia mtu mwingine.

"Leo nimesimama mbele ya Mkurugenzi nimesema naijua mashine yangu nje ndani," nilimwambia. "Umenifanya mjinga, Spana. Umenifanya mjinga kwa upole."

"Nimekusaidia!"

"Nani alikuomba?"

"Mtu akikupenda unataka akuandikie barua ya maombi kwanza?"

"Ndiyo! Kazini, ndiyo! Ningejua beringi zinakufa ningetafuta kinachoziua. Hiyo ndiyo kazi yangu, hiyo ndiyo kazi ninayoiomba kule juu! Wewe umenipa matokeo, kazi yenyewe umeiweka mfukoni kwako."

Alitaka kusema neno, nililiona limefika mdomoni, akalimeza. Ukimya ule ndio ulionipandisha wazimu, nikasema nilichosema.

"Au mama yako alishinda? Jumapili si alisema ukioa bosi utaomba ruhusa hata ya kukohoa? Labda ulitaka nianguke pale juu, nirudi chini, unioe nikiwa saizi yenu."

Siku aliponisimulia maneno hayo ya mama yake, tulicheka wote wawili mpaka machozi. Safari hii hakucheka. Macho yake makubwa yakawa mekundu pembeni, nikatamani kuyarudisha maneno yangu mdomoni yote, moja baada ya jingine. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haijui kurudi kinyumenyume.

Alifungua kifungo cha mfuko wa ovaroli, akatoa kijitabu kidogo chenye alama za grisi, akakiweka juu ya meza.

"Kila nilichotengeneza kimo humo," alisema. "Siku, saa na chanzo. Mimi ni fundi, siwezi kutengeneza kitu bila kuandika. Kwako tu ndiko nilikoshindwa kukionyesha."

Kisha akaokota spana namba kumi na saba na kutoka, akaniacha na harufu ya mafuta ya mashine.

*

Mama yangu ni fundi cherehani, na nyumbani kwetu mazungumzo yote mazito hufanyika juu ya sauti ya cherehani. Jioni ile alikuwa anashona gauni langu la Jumamosi. Nilimsimulia yote, yeye akikanyaga, asinitazame. Nilipomaliza alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Sasa kosa lake ni lipi?" aliuliza.

"Mama!"

"Nauliza. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuamka hata mtoto akilia. Wewe umepata mtu anaamka alfajiri akakusafishie njia, halafu unakuja hapa umevimba kama andazi."

"Amenidanganya, mama."

"Amekusitiri."

"Sikuhitaji kusitiriwa! Miaka kumi na mmoja napanda ngazi moja moja, leo nimefika juu naambiwa kuna mtu alikuwa ananisukuma mgongoni. Mimi sasa nitajuaje ninachokiweza?"

Mama alikata uzi kwa meno. "Cheo hakimkumbatii mtu, mwanangu. Kesho mwambie huyo mama wa miwani kwamba hukujua. Fundi alifanya mwenyewe, fundi abebe mwenyewe. Wakimpa onyo, atavumilia, si anakupenda? Wewe chukua nafasi yako, Jumamosi mfunge mjadala. Mbona rahisi?"

Rahisi kweli. Ndiyo maana iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaifikiria njiani kabla yeye hajaisema.

Nikaingia chumbani na kile kijitabu. Nilikifungua kwa chuki, nikitafuta sababu ya kumchukia zaidi. Mwandiko wake ni mdogo, umesimama wima. Hitilafu ishirini na mbili. Waya wa kukatia umekatika, mkanda umepinda, fyuzi imeungua. Na zile beringi. Ya kwanza, Jumanne. Ya pili, Jumatano. Ya tatu, Jumanne. Nilirudi mwanzo nikasoma tena, kidole juu ya mistari. Zote sita zilibadilishwa Jumanne au Jumatano. Mbele ya kila moja, kwenye chanzo, aliandika maneno yale yale: *maji yameingia, grisi imetoka.*

Jumatatu jioni tunaosha, kwa mpira wa maji ya moto, kwa amri yangu.

Nilikaa kitandani na kile kijitabu magotini, masikio yanawaka moto. Mashine yangu ilikuwa inakufa kwa usafi wangu. Laini ya Pili, wenye matambara yao niliowadharau asubuhi hiyo mbele ya Mkurugenzi, walikuwa wamebadilisha beringi moja tu, naukumbuka mstari wake kwenye kitabu chekundu. Na Spana alijua. Alijua tangu wiki ya pili, tarehe ya beringi ya kwanza ilisema. Lile neno alilolimeza karakana lilikuwa hili: ni wewe, mpenzi, ni amri yako. Nimemtukania mama yake, na bado hakulisema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema habari ya anayefichiwa maradhi na mtu anayempenda. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumrushia kiatu, na sikuweza kuchagua kipi kianze.

*

Ijumaa nilifika saa kumi na moja alfajiri. Mlinzi alinishangaa, akasema, "Leo ni wewe?" Spana hakuwepo. Nilichukua kitabu chekundu ofisini, nikakaa chini ya taa ya Laini ya Kwanza, nikaanza kunakili. Hitilafu ya kwanza mpaka ya ishirini na mbili, kwa mkono wangu, kwa kalamu isiyofutika, nikieleza juu yake kwamba zimeandikwa kwa kuchelewa na kwa nini. Kwenye zile beringi, penye chanzo, niliandika: *Kuosha kwa mpira wa maji ya moto. Amri ya msimamizi.* Penye msimamizi nikaweka sahihi yangu. Ukurasa wangu mweupe ukawa ndio mchafu kuliko zote kiwandani.

Saa sita kamili nilikiweka mezani kwa Mkurugenzi. Alisoma kwa dakika nyingi. Kupitia kioo niliiona mashine yangu inazunguka, na Spana amesimama kando yake, uso ameuinua huku juu, tambara mkononi.

"Kwa hiyo laini yako ndiyo mbaya zaidi," alisema.

"Ndiyo, mama. Na sasa ndiyo pekee ambayo ubaya wake unajulikana. Kuanzia leo hatuoshi kwa mpira. Naomba vifuniko vya beringi kwa laini zote mbili."

"Ungeweza kusema ni fundi."

"Fundi aliogopa kuniambia kwamba nimekosea. Mtu wa chini yangu akiogopa kuniambia hivyo, kosa ni langu kabla halijawa lake."

Nilitamani ningekuwa naigiza, ningejisikia shujaa. Lakini nilikuwa nasema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa aibu yangu.

Mkurugenzi alivua miwani, ikaning'inia. "Jibu hili ningelipenda sana jana," alisema. "Jana ulinipa jibu jingine, na ulinipa bila kukagua. Mwenzako atakaimu miezi sita. Fundi atapata barua ya onyo, na Jumatatu anahamia Laini ya Pili. Wewe utaandika utaratibu mpya wa kusafisha mashine kwa kiwanda kizima. Baada ya miezi sita tutaongea."

Miezi sita chini ya Tai! Nilishuka ngazi nikihesabu vidato nisilie. Tai alikuwa chini ananisubiri. Habari ilishamfikia, maana kwetu habari hupita haraka kuliko umeme. Nilijiandaa kwa kejeli.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "huo utaratibu wa kusafisha, ukiuandika, utanieleza na mimi? Zile kumi na nne zangu nimeziandika tu. Chanzo chake sikijui hata kimoja."

Hata kumchukia vizuri nikanyimwa.

*

Saa kumi tulipotoka, Spana alikuwa amesimama nje ya geti, barua ya onyo imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Hakunisogelea. Watu walitupita wakijifanya wanatafuta funguo zao.

"Nimekuharibia," alisema.

"Umeniharibia," nilikubali. "Na mimi nimemtukania mama yako. Hilo naomba unisamehe, nami nitamwomba yeye mwenyewe. Lingine bado nina hasira nalo, usinibembeleze."

"Sikubembelezi."

"Kwa nini hukuniambia habari ya maji? Wiki ya pili tu, ungesema sentensi moja."

Alifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Siku ile ulipotoka kumweleza Mkurugenzi habari ya kuosha, ulikuja karakana unaruka. Ulisema, wamenisikiliza, Spana, kwa mara ya kwanza wamenisikiliza mpaka mwisho. Mimi ningeanzia wapi?"

Nilikumbuka siku ile. Nilikumbuka alivyonitazama na kutabasamu, na mimi nikadhani lilikuwa tabasamu tupu.

"Ungeanzia hapo hapo," nilisema. "Ningekununia siku mbili. Siku ya tatu ningekuja na vifuniko."

"Najua sasa." Kisha akauliza kwa woga, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo yake: "Kesho wazee waje, au niwaambie wasije?"

Nilimpa kijitabu chake. "Nimekuongezea mstari mmoja," nilisema. "Wa ishirini na tatu."

Alikifungua pale pale, jua la alasiri likimchoma uso. Nilikuwa nimeandika asubuhi, kabla ya kupanda kwa Mkurugenzi, kwa mtindo wake wa kifundi: *Siku: Alhamisi. Kilichoharibika: sisi wawili. Chanzo: kufichana kwa mapenzi. Aliyetengeneza:* na mbele yake nafasi tupu ya sahihi.

Alisoma mara mbili. Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akaiweka kwenye karatasi, na mimi nikaungoja ule mkia mrefu ninaoujua. Kalamu haikutembea. Aliiinua, akaifunga kifuniko, akairudisha sikioni.

"Siwezi kusaini hii," alisema.

"Kwa nini?"

"Kazi haijaisha." Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Sitatia tena sahihi yangu mahali ili ukurasa upendeze. Tukimaliza kuitengeneza, nitasaini. Tena sitasaini peke yangu, hapo panatakiwa majina mawili."

Nilimnyang'anya kalamu sikioni, nikapiga mstari katikati ya ile nafasi ili watoshe wawili, nikaiacha tupu pande zote. Kisha nikamrudishia kijitabu chake.

"Wazee waje saa nne," nilisema. "Na mama yako mwambie akohoe tu anavyotaka."